Mama Mkwe na Chupa Yenye Lebo Nzuri

Kazini kwetu kuna msemo kwamba kitu kisicho na lebo hakipo. Msemo huo niliutunga mimi, na mpaka sasa hakuna mwingine anayeutumia. Nimetunza stoo ya rangi na vifaa vya ujenzi kwa miaka ishirini na sita, na kwa muda wote huo halijapotea debe hata moja, isipokuwa lile lililotafutwa siku tatu likapatikana chini ya kiti changu.

Nayataja haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyekabidhiwa dawa za mama mkwe wake.

Mama mkwe alishona sare za shule kwa miaka arobaini. Kibandani kwake palikuwa na cherehani mbili, moja ya kushonea na nyingine ya kutolea vipuri vya ile ya kwanza. Utepe wa kupimia ulining'inia shingoni mwake kama pambo tu, maana hakuutumia. Alimtazama mtoto mlangoni akamwambia mama yake, "Sketi ya huyu tuache pindo la vidole vinne, atarefuka kabla muhula haujaisha," na mtoto alirefuka kweli, kana kwamba aliogopa kumwaibisha. Pini alizichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, hivyo wajukuu walijifunza mapema kutomrukia kwa pupa.

Mimi sikuhitaji kufundishwa. Tangu nimwoe binti yake nilikaa mbali naye kwa heshima zote. Akiingia sebuleni nilisimama; akikaa nilikumbuka kazi ya uani. Kwa miaka ishirini na miwili hatukuwahi kukalia kochi moja, na tulizungumza kupitia mke wangu hata tukiwa watatu katika chumba kimoja.

"Mwambie mumeo suruali yake imepanda," alikuwa akisema, macho kwenye sindano.

"Mama anasema suruali yako imepanda."

"Mwambie Mama nashukuru, nitaiangalia," nilijibu, nikiwa hatua tatu tu kutoka alipo.

Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita Bwana Stoo, na sikuwahi kujua kama ni sifa.

Kisha akaugua. Saratani ilianzia kwenye titi, ikakatwa, ikanyamaza miaka mitatu, halafu ikaibukia kwenye mfupa wa nyonga. Alihamia kwetu, chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake linatazamana na kibanda cha kinyozi. Mwanamke aliyezoea kujichoma sindano bila kusema hata "ah" akawa anauma pembe ya mto ili wajukuu wasimsikie. Muuguzi wa huduma ya nyumbani, kutoka kituo cha afya kilicho mitaa miwili kutoka kwetu, alituletea mofini ya maji ndani ya chupa ya kahawia. Mama alikunywa kikombe cha kwanza saa kumi jioni. Saa kumi na moja aliomba mkoba wake wa sindano.

"Mwambie mumeo alete ile suruali," alisema.

Sista, ndivyo tulivyomwita muuguzi, alitukalisha sebuleni akatueleza. Dawa ni nzuri na Mama asiogope kuinywa, lakini si ya kuchezea. Kipimo kikizidi, humlaza mtu usingizi mzito mpaka mwili unasahau kupumua. Nikayaandika yote. Neno "kupumua" nililipigia mstari kwa rula. Kisha nikafunga daftari, na nadhani maneno yenyewe yalibaki humo ndani, mimi nikatoka bila chochote.

Kazi ya kutunza dawa niliiomba mwenyewe. Mke wangu alikuwa amechukua likizo kutoka shule ya chekechea anakofundisha ili amwangalie mama yake, lakini chupa, kikombe cha kupimia, daftari na faili vilikuwa chini yangu; yeye alimpa tu vikombe vya saa nilizokuwa kazini. Chupa niliibandika lebo yangu mwenyewe kwa herufi kubwa za wino mweusi, na kona zote nne nikazikandamiza kwa selotepu: DAWA YA MAMA, KILA BAADA YA SAA NNE, na kipimo. Kipimo kilianza mililita tano. Maumivu yalivyopanda, Sista alikipandisha kidogo kidogo, na kila mara nilitengeneza lebo mpya, hadi tukafika mililita ishirini. Hapo Mama akaanza kulalamika.

"Mwambie Sista nimechoka kujazwa kama dumu."

Basi Ijumaa moja, nikiwa kazini, Sista akaleta dawa iliyokolezwa ili Mama anywe kidogo apate nafuu ileile. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anamkanda mama yake miguu.

"Sista ameleta chupa mpya," aliniambia. "Si kama ile ya zamani. Karatasi ya maelezo ameifunga kwa mpira shingoni mwa chupa, uisome."

"Nitaishughulikia," nikasema.

Na niliishughulikia. Hapa ndipo ninapoomba msomaji anisamehe, au acheke, kwa kuwa jirani yetu Kinyozi alifanya yote mawili.

Stoo kwetu debe likifika limebonyea, au lebo yake imekaa upande, hatulitoi hivyo kwa mteja. Tunahamisha rangi kwenye debe safi lenye lebo nzuri. Chupa mpya ya mofini ilikuwa na lebo ndogo, imebandikwa mshazari, maandishi yamelowa yakachuruzika. Ile ya zamani iliisha kwa kikombe cha mwisho cha usiku huo, na lebo yangu juu yake iking'aa. Nikaiosha chupa ya zamani, nikaikausha, nikaweka faneli, nikamimina. Karatasi ya maelezo nikaitoa kwenye mpira, nikaikunjua, nikaitoboa kwa mashine na kuiweka ndani ya faili, mahali pake halali, nyuma ya karatasi ya mwezi uliopita. Mpira nikautia kwenye kopo la mipira.

Jambo moja lilinisimamisha. Dawa ya zamani ilikuwa nyeupe kama maji ya mchele. Hii ilikuwa na wekundu kwa mbali. Niliandika daftarini: "Rangi tofauti. Huenda mtengenezaji amebadilisha." Mtu aliyeshinda na rangi miaka ishirini na sita, anayeweza kugombana na fundi nusu saa juu ya krimu na rangi ya maziwa, aliona dawa imegeuka rangi akaandika huenda. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawakusema afanywe nini akishatazama.

Kesho yake, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi nilimpa Mama mililita ishirini.

Tulikuwa na utaratibu wetu wa kupeana. Nilibisha hodi, nikaingia nikiangalia sakafu, nikaweka kikombe juu ya kigoda karibu na kitanda, nikatoka kinyumenyume. Yeye alikunywa mwenyewe na kukigonga kikombe tupu kwenye kigoda, ishara kwamba nirudi kukichukua. Mke wangu akaondoka kwenda sokoni kununua mahitaji ya wiki. Saa moja Mama alikuwa anajikuna mikono na kusema maneno yaliyoteleza. Saa mbili alikuwa kimya. Nikaandika: "Ametulia sana."

Saa nne nilibisha hodi mara sita. Nilipoingia, nilimwita kwa muda mrefu kabla hajafumbua macho nusu. Mkono wake haukufika kwenye kigoda. Nikainua kikombe mwenyewe, nikakisogeza mdomoni mwake kwa mkono ulionyooka, uso nimeugeuzia ukutani kama mtu anayewasha fataki. Alikunywa karibu chote. Nikaandika: "Usingizi mzuri. Dawa mpya inamfaa."

Saa tano kasorobo Kinyozi akaingia kupitia uani. Kinyozi ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mtu wa utani, ambaye huniita Katibu kwa sababu ya daftari. Hupenda kuniambia kwamba akili ni nywele, kisha hunitazama upara na kunyamaza. Kila Jumamosi humletea Mama kitu cha kushona. Siku hiyo alikuja na shuka lake la kunyolea, pindo limechanika. Mama alikuwa na nguvu ya kushona mistari miwili tu kwa siku, na Kinyozi alijua hivyo. Naamini mashuka yale aliyachana mwenyewe.

"Katibu, Mama yupo macho?"

"Amelala. Leo amepata usingizi mzuri sana, tangu asubuhi."

"Anastahili, maskini." Akavuta kiti, akakunja shuka mapajani. Kisha akainua kichwa. "Nani anakoroma?"

"Yeye."

"Huwa anakoroma?"

Nikafungua daftari nikarudi nyuma kurasa kadhaa. "Hapana. Hii ni mara ya kwanza."

Tukasikiliza. Mkoromo ulikuwa mrefu, una majimaji ndani yake kama birika linaloanza kuchemka, halafu ukakatika. Kimya kikakaa. Kikakaa tena. Mimi nilikuwa na tabasamu la mtu aliyefanikiwa kumlaza mtoto. Kisha mkoromo mwingine.

"Ingia umwamshe," Kinyozi alisema. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Mwache apumzike, jirani. Wiki nzima hajalala hivi."

"Mdogo wangu tulimwacha apumzike." Alisema hivyo huku tayari amesimama. "Alikuwa amepiga unga, heroini. Akakoroma hivihivi kwenye kochi, sisi tunakula. Mama yetu akasema msimwamshe, leo angalau amelala nyumbani. Ingia umwamshe."

"Siwezi kuingia hivihivi. Ni mama mkwe wangu."

Kinyozi alinitazama kama anavyotazama kichwa kilichonyolewa vibaya na mtu mwingine. "Katibu," akasema polepole, "akifa utaingia?"

Nikaenda mlangoni. Na hapa naandika kwa aibu, lakini nimejiapiza kutoacha kitu: nilibisha hodi. Nikakohoa, nikasema, "Hodi, Mama." Kinyozi akanipiga kikumbo cha bega akaingia.

Alimwita kwa sauti kubwa. Akamtikisa. Akamsugua katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu ambayo mimi nisingeitumia hata kwenye kutu. Mama hakukunja hata uso. Kinyozi akamfunua jicho, akanivuta kichwa nione. Mboni ilikuwa nukta, kama hii ninayoiweka mwisho wa sentensi, na dirisha wala mwanga wake havikuibadilisha. Midomo ilikuwa ya kijivu. Kucha zake, zile zilizoshika pini miaka arobaini, zilikuwa na buluu ambayo stoo kwetu tungeirudisha kiwandani.

"Hesabu pumzi," Kinyozi alisema.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Nikatazama saa ya mkononi. Kwa nusu dakika alipumua mara mbili. Mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta kalamu.

"Ukiandika nitakupiga," Kinyozi alisema. "Amekunywa nini?"

"Dawa yake. Kipimo chake cha kila siku. Saa kumi na mbili na saa nne."

"Kipimo cha kila siku hakifanyi hivi. Mpigie Sista."

Namba ya Sista ilikuwa ukurasa wa kwanza, imepigiwa mstari. Alipokea mlio wa pili. Alisema anayo dawa ya kumwamsha, inaitwa naloksoni, lakini gari la kituo limetoka na mgonjwa mwingine. Tusimpe maziwa, chai wala maji, tusimmwagie maji, na tusimwache hata kidogo. Tumpulizie pumzi mpaka afike.

"Nina pikipiki, namfuata," Kinyozi alisema. "Njoo uone." Akauondoa mto, akainamisha kichwa cha Mama nyuma, akainua kidevu, akabana pua, akaufunika mdomo wa Mama kwa mdomo wake akapuliza. Kifua cha Mama kikainuka. Akafanya mara tatu. "Moja, unahesabu mpaka tano, nyingine. Kifua kikiinuka, imeingia. Kisipoinuka, rekebisha kichwa. Sasa wewe."

"Mimi?"

"Mimi nina pikipiki, wewe una hesabu. Kila mtu na kipaji chake." Na akaondoka.

Nikabaki chumbani na mama mkwe wangu. Miaka ishirini na miwili sijakalia kochi moja naye. Nilimwinamia, nikasema, "Samahani, Mama," nikaweka mdomo wangu juu ya mdomo wake.

Pumzi ya kwanza ilitokea puani mwake ikanirudia shavuni, kwa sababu nilisahau kubana pua. Nikamwomba samahani tena. Ya pili ikaingia. Kifua kikapanda na kushuka. Nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, tano, nikapuliza. Alinukia dawa na mafuta ya cherehani. Huwezi kujua jinsi sekunde tano zilivyo ndefu mpaka ukae ukizingoja zipite ili umpe mtu hewa. Daftari lilikuwa sakafuni, limefunguka, na kila nilipoinua kichwa nililiona lile neno "inamfaa" kwa mwandiko wangu mzuri. Kwenye pumzi ya arobaini nikaukumbuka ule wekundu. Kwenye ya arobaini na moja nikakumbuka karatasi. Nilitaka kukimbilia faili nikasome, na ni mara ya kwanza katika maisha yangu kuacha kitu bila kukisoma kwa sababu nzuri.

Sista na Kinyozi waliingia nikiwa kwenye pumzi ya mia moja thelathini na mbili. Sista hakusalimia. Alichoma sindano kwenye paja, akaniambia niendelee, nikaendelea, hadi Mama akavuta pumzi kubwa ambayo mimi sikuwa na mkono ndani yake. Kisha nyingine. Kijivu kikaanza kutoka midomoni. Baada ya dakika chache akafumbua macho, akaona uso wangu umeelea juu ya wake kwa umbali wa kiganja.

Akageuza macho kwa Sista.

"Muulize huyu," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "amefuata nini chumbani kwangu."

"Sista, mwambie Mama," nikaanza, lakini Sista alikuwa ameshaanza kumpima mapigo.

Sista alisema twende hospitali sasa hivi. Naloksoni huisha nguvu kabla ya mofini, na mtu aliyeamka anaweza kuzama tena akiwa mikononi mwenu mnashangilia. Wakati Kinyozi anatafuta gari, akaniomba chupa. Nikamletea. Akasoma lebo yangu, akaishika dhidi ya mwanga wa dirisha, akaona rangi.

"Karatasi niliyoifunga iko wapi?"

"Ipo," nikasema, na kwa mara ya mwisho nikajivunia faili. Niliifikia bila kutafuta. Sista akaisoma kwa sauti: chupa hii ina nguvu mara nne ya ile ya kwanza, mpe mililita tano tu, usiihamishie kwenye chupa nyingine. Tundu la mashine yangu lilikuwa limepita katikati ya neno "tano".

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na vikapu vyake viwili. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Aliviweka chini, akapita mbele yangu bila kuniambia neno, akaenda kumshika mama yake mkono. Angenitukana ningeshukuru.

Hospitali walimlaza siku mbili chini ya uangalizi. Daktari aliniomba saa na vipimo nikampa daftari, akalisoma likamtosha, wala hakuniuliza swali la pili. Jioni ya pili, dawa yote ikiwa imeisha mwilini mwake, maumivu ya nyonga yalirudi kwa ukali kuliko mwanzo. Mama alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, na jasho likamlowesha ukosi ambao safari hii haukuwa na pini.

"Nikifika nyumbani ile chupa naimwaga chooni," mke wangu alisema. Alikuwa analia sasa. "Sitaki kuiona tena."

"Ukiimwaga, nimwage na mimi," Mama akajibu.

"Mama, ilitaka kukuua."

"Haikuniua. Ilikuwa kwenye chupa isiyo yake." Akaminya chuma cha kitanda mpaka maumivu yapite. "Nimekaa na huu mfupa bila dawa, na nimekaa nao nikiwa na dawa. Mimi ndiye ninayejua tofauti. Mtanirudisha kule kwa sababu mumeo anapenda lebo?"

Mimi nilikuwa pembeni, nyuma ya pazia, nimeshika karatasi mbili. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mtu mwingine angelia. Mimi niliandika hati ya makabidhiano, nakala mbili, inayosema kwamba kuanzia tarehe ile dawa za Mama zisimamiwe na mke wangu. Nikaipitisha pembeni mwa pazia. Mke wangu akaisoma, akampa mama yake, naye akaisoma.

"Muulize mumeo, Jumamosi nilikunywa kiasi gani na saa ngapi."

"Mililita ishirini saa kumi na mbili kamili," nikasema nyuma ya pazia. "Saa nne na dakika nane, kama kumi na nane. Mbili zilimwagika."

"Wewe," Mama akamwambia binti yake, "Alhamisi ulinipa dawa saa ngapi?"

Mke wangu akafikiri. "Mchana. Baada ya kuosha vyombo."

"Haya. Huyu anakosea kwa maandishi. Wewe ungekosea, tungezika mtu bila kujua hata saa." Akairudisha hati. "Namtaka Bwana Stoo. Lakini atoke nyuma ya hilo pazia. Na akija chumbani kwangu aje na macho."

Nikatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kusema naye bila mkalimani, na nilichofanikiwa kusema ni, "Ndiyo, Mama."

Tuliporuhusiwa, Sista alirudi kwetu na chupa nyingine na masharti. Dawa inakaa ndani ya chupa iliyokuja nayo, hata lebo ikiwa imekaa kichwa chini. Chupa ikibadilika, tunampigia simu kabla ya tone la kwanza. Hata vidonge vya usingizi ambavyo mke wangu alipewa na shoga yake ili Mama alale vikaondoka nyumbani. Naloksoni inakaa kwenye kiboksi chekundu nyuma ya mlango, na mimi, mke wangu na Kinyozi tulifundishwa kuchoma, tukifanya mazoezi kwenye chungwa. Kubwa kuliko yote, hakuna kikombe kabla Mama hajaamka na kujibu. Akiwa mgumu kuamka, akikoroma mkoromo mpya, pumzi zikipungua, kikombe kinasubiri na simu inapigwa. Niliyaandika, kisha Sista akanifungisha daftari akaniambia niyarudie kwa mdomo. Nikayarudia mara tatu. Lebo ya chupa hii imebandikwa mshazari zaidi ya ile ya kwanza. Huwa naiangalia sana.

Kinyozi nilimwahidi kwamba nitanyolewa kwake maisha yangu yote. Alinitazama kichwa akasema ahadi yenyewe ni ya kama siku mbili.

Sasa naingia chumba cha nyuma mara tano kwa siku, siku za kazi natoroka stoo kwa ruhusa ya bosi, nakaa kwenye kigoda, namtazama Mama usoni na kumwuliza kama ananisikia. Kurasa za daftari zimebadilika. Huu ni mfano wa wiki iliyopita:

"Saa nne. Nimeuliza kama ananisikia. Amesema ananisikia na kuniona pia, kwa bahati mbaya. Pumzi kumi na sita. Mililita tano."

"Saa nane. Amesema ukosi wangu umeshonwa na adui. Pumzi kumi na tano. Mililita tano."

"Saa kumi na mbili jioni. Nimesemwa kuhusu upara. Akacheka mwenyewe. Pumzi kumi na nane. Mililita tano."

Sista anasema nisiguse utaratibu huo.

Jana saa nne niliingia, nikakaa, nikamwuliza kama ananisikia. Alifumbua macho akasema, "Nakusikia. Ahsante, mwanangu."

Nikaweka kikombe chini. Nikahesabu pumzi dakika nzima, kisha nikahesabu tena. Nikachukua tochi nikamwangalia mboni. Nikamwangalia kucha. Nikaenda kuleta kiboksi chekundu nikakiweka magotini, nikampigia Sista.

"Ana nini?" Sista aliuliza.

"Ameniita mwanangu."

Mama akanyoosha mkono kutoka kitandani, akaomba simu, nikampa.

"Sista," alisema, huku ananitazama machoni, "mimi nipo macho na kiu ya dawa yangu. Huyu wako wa hapa ndiye anayehitaji kuamshwa. Mwambie anipe kikombe."

Saa nne na dakika kumi na moja. Pumzi kumi na saba. Mililita tano.